Fridtjof Nansen: Mvumbuzi wa barafuni aliyewapa wakimbizi pasipoti

WAHENGA walipolonga kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, walimfikiria msafiri ambaye kwao bado kupo, msafiri ambaye siku moja angechoka na kurejea kwa hiari yake. Hawakumfikiria mja aliyekanwa na serikali ya nchi yake, akasimama kwenye mpaka wa nchi ya pili bila karatasi ya kumtambulisha, huku nchi ya tatu nayo ikimfungia mlango.

Waja wa aina hiyo walijaa barani Ulaya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliyejitosa kuwatafutia njia hakuwa hakimu wala mtawala. Alikuwa mwanasayansi ambaye sifa zake zilitokana na kuvuka nyanda za barafu ambazo hakuna aliyewahi kuzivuka kabla yake.

Fridtjof Nansen, mzaliwa wa Norway, alifariki mnamo Mei 13, 1930. Jina lake lingali linatajwa kila wakimbizi wanapozungumziwa, kwa sababu hati ya kwanza ya kimataifa ya kuwawezesha kusafiri iliitwa kwa jina lake. Hata hivyo, maisha yake yana ukurasa mwingine ambao aghalabu husomwa kwa haraka. Mtu huyohuyo aliyewafungulia mipaka maelfu ya watu ndiye aliyesaidia kuandaa mpango ambao, kwa amri ya mkataba, uliwafungia takriban watu milioni 1.5 njia ya kurudi makwao.

Masomo na barafu

Nansen alizaliwa Oktoba 10, 1861 katika shamba la Store Frøen, karibu na mji wa Christiania ambao leo huitwa Oslo. Babake, Baldur, alikuwa wakili, naye mamake, Adelaide, alitoka katika ukoo wa kimwinyi. Wakati huo Norway haikuwa na mfalme wake. Ilikuwa katika muungano na Uswidi, na mfalme alikaa Stockholm.

Tangu utotoni kijana huyo alipenda kuteleza thelujini kwa mbao, kuvua samaki na kulala porini. Alipojiunga na chuo kikuu alichagua elimu ya wanyama kwa kutumaini kuwa ingempeleka nje ya kuta za darasa. Hakukosea. Mnamo 1882 alipanda meli ya wawindaji wa sili iliyoitwa Viking, akasafiri katika bahari ya kaskazini na kuiona kwa mbali pwani ya mashariki ya Greenland.

Aliporejea alipata kazi katika jumba la makumbusho la Bergen, ambako kwa miaka kadhaa alichunguza kwa darubini chembe za neva za wanyama wadogo wa baharini. Utafiti huo ulimpa shahada ya uzamifu mwaka 1888. Siku chache baadaye alifunga mizigo, akaelekea Greenland.

Waliojaribu kuivuka Greenland kabla yake walianzia pwani ya magharibi, penye makazi ya watu, ili wakishindwa waweze kurudi. Nansen aligeuza mpango huo. Alianzia mashariki, mahali pasipo na makazi, ili yeye na wenzake watano wasiwe na budi kusonga mbele. Kwa siku nyingi vipande vya barafu viliwasukuma kusini hata kabla ya kukanyaga nchi kavu. Hatimaye walikwea nyanda za barafu, wakakokota mizigo yao wenyewe, na mnamo Oktoba 3, 1888 yeye na mwenzake mmoja wakafika Godthåb, mji ambao leo ni Nuuk.

Meli ya mwisho ya mwaka ilikuwa imewapita. Walilazimika kukaa huko majira yote ya baridi. Nansen aliutumia muda huo kujifunza maisha ya Wainuiti, namna wanavyowinda na wanavyoviendesha vyombo vyao vya ngozi, na baadaye akaandika kitabu kuwahusu. Alipowasili nyumbani mwaka 1889 umati mkubwa ulimpokea kwa shangwe. Mwaka huohuo alimuoa Eva Sars, mwimbaji mashuhuri.

Safari ya pili ilimpa umaarufu zaidi. Mnamo 1881 meli ya Kimarekani, Jeannette, ilipondwa na barafu kaskazini mwa Siberia. Miaka mitatu baadaye mabaki yake yaliokotwa kusini magharibi mwa Greenland. Nansen alihitimisha kuwa barafu ya bahari hiyo haikai mahali pamoja, bali huelea polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Aliagiza kuundwa kwa meli, Fram, yenye tumbo la mviringo ili barafu ikiibana iinuliwe juu badala ya kupasuka.

Fram iling'oa nanga Juni 1893 ikiwa na watu 13. Ilikwama barafuni kama ilivyokusudiwa, ikaanza kuelea. Mnamo Machi 14, 1895, Nansen na Hjalmar Johansen waliiacha meli hiyo na kuelekea Ncha ya Kaskazini kwa sleji zilizokokotwa na mbwa. Hawakuifikia. Walikomea nyuzi 86 na dakika 13 kaskazini, mahali ambapo hakuna binadamu aliyejulikana kuwahi kufika, kisha wakageuka. Walipitisha majira ya baridi katika kibanda cha mawe na ngozi kwenye visiwa vya Franz Josef, chakula chao kikiwa nyama ya dubu. Juni 1896 walikutana na Mwingereza Frederick Jackson, ambaye meli yake iliwarejesha nyumbani. Fram nayo ilirudi salama. Kati ya watu 13 hakuna aliyepotea.

Mwanasayansi katika siasa

Norway ilipojitenga na Uswidi mwaka 1905, Nansen alitumwa Copenhagen kumshawishi mwanamfalme wa Denmark akubali kiti cha ufalme. Kati ya 1906 na 1908 aliiwakilisha nchi yake jijini London. Mkewe, Eva, alifariki Desemba 1907 kabla Nansen hajawahi kumfikia kitandani. Mnamo 1913 alimpoteza pia mwanawe kitinda mimba, Åsmund. Kwa miaka hiyo alijifungia katika utafiti wa bahari, akiwa profesa katika chuo kikuu cha Christiania.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimtoa humo. Norway haikushiriki, lakini ilitegemea nafaka za ng'ambo. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 na kuzuia mauzo ya chakula, Nansen alitumwa Washington. Baada ya miezi mingi ya mashauriano alifikia makubaliano mwaka 1918, na shehena zikaruhusiwa. Kazi hiyo ilimwonyesha kwamba uamuzi wa afisa mmoja katika ofisi ya mbali unaweza kuamua iwapo familia itakula au italala njaa.

Vita vilipokwisha, Shirikisho la Mataifa liliundwa makao yake yakiwa Geneva. Nansen alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Norway. Mnamo Aprili 1920 Shirikisho hilo lilimpa jukumu la kuwarejesha makwao mateka wa vita. Mamia ya maelfu ya wanajeshi wa Ujerumani, Austria na Hungaria walikuwa wangali wamekwama Urusi, baadhi yao katika kambi za Siberia, ilhali Warusi nao walishikiliwa Ujerumani. Vita vilikuwa vimeisha mwaka 1918, lakini watu hao hawakuwa na wa kuwatoa.

Kikwazo kikubwa kilikuwa siasa. Serikali ya Wabolsheviki haikulitambua Shirikisho la Mataifa, na mataifa mengi hayakuitambua serikali hiyo. Nansen alikwenda Moscow akazungumza nao moja kwa moja, akitumia imani waliyokuwa nayo kwake binafsi. Alitafuta meli, akaomba mikopo, akapanga njia za kupitia bahari ya Baltiki, bahari Nyeusi na hata bandari ya Vladivostok. Kufikia 1922 zaidi ya mateka 400,000 walikuwa wamefika makwao, kwa gharama ndogo kuliko ilivyotarajiwa.

Watu wasio na nchi

Mateka walikuwa na kwao pa kurudi. Kundi lililofuata halikuwa napo. Mapinduzi ya 1917 na vita vya wenyewe kwa wenyewe viliwatawanya Warusi zaidi ya milioni moja kutoka Constantinople hadi Berlin, Paris na Harbin. Wengine walikuwa wanajeshi wa jeshi lililoshindwa. Wengi walikuwa wake, watoto, walimu, wakulima na mafundi.

Mnamo Septemba 1921 Nansen alikubali kuwa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, wa kwanza kushikilia wadhifa huo. Kabla mwaka haujaisha serikali ya Urusi ilitoa amri iliyowavua uraia wengi wa waliokuwa wamekimbilia nje. Kwa kalamu moja watu hao waligeuka kuwa wasio wa taifa lolote.

Uzito wa jambo hilo unaeleweka zaidi kwa kukumbuka hali ilivyokuwa awali. Kabla ya 1914 mtu aliweza kupita mipaka mingi ya Ulaya bila pasipoti. Vita vilileta ukaguzi wa hati kwa kuhofia majasusi, na amani iliporudi ukaguzi ulibaki. Tangu hapo, asiyekuwa na pasipoti hakuweza kusafiri, na asiyekuwa na serikali hakuwa na wa kumpa pasipoti. Alikatazwa kuingia nchi nyingine kwa kuwa hana hati, na akakatazwa kubaki alipo kwa sababu iyo hiyo. Nchi iliyomfukuza haikuwa na mahali pa kumpeleka, hivyo aliweza kufungwa, akaachiliwa, kisha akakamatwa upya.

Nansen hakuwa na uwezo wa kubadilisha sheria za uraia, wala hakuwa na fedha za kuwalisha wote. Alichagua kitu kidogo kilichowezekana. Julai 1922 aliziita serikali Geneva, zikakubaliana kuhusu cheti cha utambulisho ambacho nchi anakoishi mkimbizi ingempa, na ambacho nchi nyingine zingekitambua. Rasmi kilikuwa cheti tu. Watu wakakiita pasipoti ya Nansen.

Karatasi hiyo ilikuwa na mipaka yake. Haikumpa mwenye nayo uraia. Haikuilazimisha nchi yoyote kumpokea. Muda wake ulikuwa mfupi, na mwanzoni haikumhakikishia hata haki ya kurudi alikotoka, jambo lililozifanya serikali kusita kumpa viza zikihofia kwamba hataondoka. Kasoro hiyo ilishughulikiwa katika makubaliano mapya ya 1926, yaliyoruhusu viza ya kurejea. Makubaliano hayo pia yalianzisha stempu ya malipo, na waliomudu kuinunua walichangia mfuko wa kuwasaidia wenzao.

Licha ya upungufu wake, hati hiyo ilifanya kazi kwa kuwa ilizifaa pande zote mbili. Serikali zilitaka kujua ni nani waliomo nchini mwao na kuwawezesha wanaotaka kuondoka waondoke. Mkimbizi naye alitaka jina lake liandikwe mahali fulani chini ya muhuri. Aliyekwama penye njaa aliweza sasa kwenda penye kazi. Ufaransa, mathalan, ilikuwa imepoteza wanaume wengi vitani na ilihitaji vibarua migodini na viwandani.

Pasipoti hiyo ilipewa Waarmenia mwaka 1924, na mwaka 1928 ikapanuliwa kwa Waashuri na makundi mengine. Serikali zaidi ya 50 ziliitambua, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 450,000 waliipokea. Miongoni mwao walikuwamo mwandishi Vladimir Nabokov, mtunzi wa muziki Igor Stravinsky na mchoraji Marc Chagall. Walio wengi walikuwa madereva wa teksi, washonaji na wafanyakazi wa mashambani ambao majina yao hayakuingia katika vitabu.

Njaa na tuzo

Alipokuwa akishughulikia wakimbizi, njaa kali ilizuka katika bonde la mto Volga na Ukraine. Ukame wa 1921 ulikuwa umewakuta wakulima waliokwisha kunyang'anywa akiba zao wakati wa vita. Nansen alisimama mbele ya wajumbe wa Shirikisho la Mataifa mnamo Septemba 1921 kuomba mkopo wa kununua nafaka, wakati ghala za nchi nyingine zilikuwa zimefurika. Serikali zilikataa kwa hofu kuwa chakula kingeuimarisha utawala wa Wabolsheviki.

Hakukata tamaa. Alizunguka miji mingi akihutubia na kuonyesha picha alizopiga katika vijiji vilivyokumbwa na njaa, akichangisha fedha za watu binafsi na mashirika. Sehemu kubwa zaidi ya msaada ilitoka Marekani kupitia shirika lililoongozwa na Herbert Hoover, ambalo lilipofikia kilele lilikuwa likiwalisha zaidi ya watu milioni 10 kwa siku. Hata hivyo mamilioni walifariki. Desemba 1922 Nansen alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Fedha za tuzo alizitoa kwa kazi ya misaada.

Mkataba wa Lausanne

Ni katika majira hayohayo alipohusika na jambo ambalo limezua mabishano hadi leo. Mnamo Septemba 1922 jeshi la Ugiriki lilishindwa katika Asia Ndogo, na mji wa Smyrna, leo Izmir, ukateketea kwa moto. Mamia ya maelfu ya Wakristo wa madhehebu ya Othodoksi walikimbilia Ugiriki kwa meli, wakilala katika shule, makanisa na hata kumbi za michezo ya kuigiza. Nchi ya watu wapatao milioni tano ililemewa na wageni waliokaribia robo ya idadi hiyo.

Nansen alitumwa Constantinople. Alichokiona kilimfanya aamini kwamba waliokimbia hawangeruhusiwa kurudi, na kwamba waliosalia wangeangamizwa. Ugiriki ilihitaji ardhi na nyumba za kuwaweka waliofika. Uturuki ilihitaji wakulima wa kulima mashamba yaliyoachwa. Kwa hivyo alipendekeza, kwa kuafikiana na viongozi wa pande hizo, kwamba nchi hizo mbili zibadilishane watu.

Makubaliano yalitiwa sahihi Lausanne, Uswisi, Januari 30, 1923. Neno zito ndani yake lilikuwa lazima. Takriban watu milioni 1.2 wa Othodoksi kutoka Uturuki, wengi wao wakiwa wameshakimbia, walihesabiwa kuwa wa Ugiriki. Waislamu kati ya 350,000 na 400,000 kutoka Ugiriki walitakiwa kuhamia Uturuki. Waliosazwa walikuwa Wagiriki wa Constantinople na Waislamu wa Thrace ya Magharibi.

Kipimo kilikuwa dini, si lugha wala mapenzi ya mtu. Katika nyanda za Anatolia walikuwamo Wakristo waliozungumza Kituruki tangu enzi za mababu zao. Kisiwani Krete walikuwamo Waislamu ambao lugha yao ya mama ilikuwa Kigiriki. Wote wakapelekwa katika nchi waliyoambiwa ni yao, ambako majirani wapya waliwaita wageni. Hawakuulizwa kama wanataka kwenda, na hawakuruhusiwa kurudi bila kibali cha serikali iliyowatoa.

Wapo waliolitazama jambo hilo kwa shaka tangu mwanzo. Lord Curzon, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza aliyeongoza mazungumzo ya Lausanne, aliona kuwa suluhisho hilo lilikuwa baya na lingeigharimu dunia kwa miaka mingi. Waliolitetea walisema kuwa lingeokoa maisha, na kwamba nchi hizo mbili hazingepigana tena kwa sababu ya raia walio upande wa pili.

Ukweli una sura zote mbili. Shirikisho la Mataifa liliunda tume ya kuwapa makazi wakimbizi nchini Ugiriki, na kwa mkopo wa kimataifa wa 1924 vijiji vipya vilijengwa, mabwawa yakakaushwa na familia zikagawiwa mashamba. Vitongoji vya Nea Smyrni na Nea Ionia jijini Athens vilipewa majina ya makazi yaliyopotea. Wapenzi wa soka wanaozifahamu klabu za AEK ya Athens, iliyoundwa 1924, na PAOK ya Thessaloniki, iliyoundwa 1926, huenda hawajui kuwa herufi K katika kila jina ni kumbukumbu ya Constantinople, mji walikotoka waasisi wake.

Lakini maelfu walifariki kwa maradhi wakiwa njiani na kambini. Isitoshe, Lausanne ilizifunza serikali somo la hatari: kwamba jamii inaweza kung'olewa yote na kitendo hicho kikaitwa suluhisho, almuradi kimetiwa sahihi. Mnamo Desemba 1944 Winston Churchill aliutaja mfano wa Ugiriki na Uturuki alipokuwa akitetea mpango wa kuwahamisha Wajerumani kutoka mashariki mwa Ulaya. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zaidi ya Wajerumani milioni 10 walikimbia au walifukuzwa.

Nansen hakuwa na chuki na mtu yeyote kati ya waliohamishwa. Alikuwa mtu wa vitendo aliyehesabu chakula, meli na siku zilizobaki kabla ya baridi, kama alivyofanya barafuni. Tofauti ni kwamba huko Greenland alijikatia njia ya kurudi yeye mwenyewe pamoja na wenzake waliokubali. Lausanne ilikata njia hiyo kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa.

Miaka ya mwisho

Jambo lililomwelemea kuliko yote uzeeni lilikuwa hatima ya Waarmenia, walionusurika mauaji ya halaiki yaliyoanza 1915 katika milki ya Uturuki. Mataifa yaliyoshinda vita yalikuwa yamewaahidi nchi yao, kisha yakasahau. Mwaka 1925 Nansen alizuru Armenia iliyokuwa chini ya Urusi ya Kisovieti, akachora mpango wa kuinyunyizia maji ardhi kame ili kuwapa makazi makumi ya maelfu ya wakimbizi. Aliwasilisha mpango huo Geneva mwaka baada ya mwaka. Serikali ziliusifu, lakini fedha hazikutoka. Aliishia kuandika kitabu kuhusu watu hao ambao aliamini wamesalitiwa.

Alifariki nyumbani kwake Polhøgda, nje kidogo ya Oslo, akiwa na umri wa miaka 68. Mazishi yake ya kitaifa yalifanyika Mei 17, 1930, siku ya katiba ya Norway. Majivu yake yalizikwa chini ya mti katika bustani yake.

Kazi haikufa naye. Ofisi ya Kimataifa ya Wakimbizi iliyopewa jina lake iliendelea kutoa hati zake, na mkataba wa 1933 uliotokana na juhudi hizo ulianza kuzizuia serikali kumrudisha mkimbizi alikotoroka. Ofisi hiyo nayo ilipata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1938. Mwanawe, Odd Nansen, alianzisha shirika la kuwasaidia Wayahudi waliokimbia utawala wa Hitler, akakamatwa mwaka 1942 na kufungwa katika kambi ya Sachsenhausen, ambako alinusurika.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1966, umezitaka nchi kuwapa wakimbizi waliomo kihalali hati ya kusafiria. Hati hiyo ni mjukuu wa cheti cha 1922. Tangu 1954 shirika la Umoja wa Mataifa la kuwashughulikia wakimbizi, UNHCR, hutoa tuzo kwa jina la Nansen. Mwaka 2023 ilimwendea Abdullahi Mire, aliyekulia katika kambi za Dadaab na aliyefikisha vitabu 100,000 kwa vijana wa kambi hizo.

Dadaab yenyewe, iliyoanzishwa 1991, imewahi kuyaonja yote mawili aliyoyaacha Nansen. Mnamo Mei 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba ingeifunga na kuwarudisha waliomo. Februari 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi huo, ikiutaja kuwa kinyume cha katiba. Uamuzi wa kwanza uliwatazama watu kama mzigo wa kuhamishwa. Wa pili uliwatazama kama waja wenye haki ya kusikilizwa kabla ya kuondolewa.

Hilo ndilo swali ambalo maisha ya Nansen yameliacha kwa kila serikali yenye mpaka na kila afisa mwenye muhuri. Karatasi ya 1922 na karatasi ya 1923 zote zilitoka kwa nia njema, zote zilitiwa sahihi na wakubwa, na zote ziligusa watu waliokwisha kupoteza kila kitu. Ya kwanza ilimwachia mwenye nayo achague pa kwenda. Ya pili ilimchagulia.